Ufundi wa Kusimama

Wanaosimulia safari ndefu za gari husimulia mwendo: walivyokata kilomita kwa siku, walivyolipita lori mlimani, walivyofika alfajiri macho mekundu. Mimi namsifu anayejua kusimama. Namsifu hasa yule anayesafiri peke yake katika vani yenye kitanda, majira ya kupukutika majani, akishuka kusini juu ya mgongo wa milima ya Appalachia, mashariki mwa Marekani. Hana wa kumwambia tupumzike. Hana wa kushuka na kumwongoza anaporudi nyuma gizani. Kila jioni aamue mwenyewe gari lisimame wapi, saa ngapi, likiwa limeelekea upande gani. Hapo ndipo ufundi wake unapoonekana, maana kukanyaga mafuta hata mtoto aliyepakatwa na baba yake kwenye usukani anaweza.

Kwetu anayelala ndani ya gari ni dereva wa lori. Ukipita Tunduma usiku utawaona kwenye foleni ya mpakani, nyayo zimetokeza dirishani, tandiboi amejilaza kwenye turubai chini ya tela, jiko la mkaa linamalizia sufuria ya wali. Hao ndio mafundi wa kwanza wa jambo hili niliowajua, na hakuna aliyewatungia sifa, kwa kuwa wao hulala garini kwa sababu ya kazi. Anayelala garini kwa hiari yake ni mtu wa kutiliwa shaka. Nilipompigia mama simu kutoka milimani Virginia, mazungumzo yalikuwa mafupi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umelala wapi?"

"Kwenye gari."

Akanyamaza kidogo. "Kodi imekushinda?"

Nikamweleza kwamba kodi ya Maryland bado naimudu, kwamba huku watu wazima wenye nyumba zao huzifunga wakaenda kuishi kwenye vani wiki kadhaa kwa starehe tu. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza choo kiko wapi. Katika maswali yote niliyoulizwa kuhusu safari ile, na niliulizwa na watu wenye shahada, hilo ndilo lililokuwa la kitaalamu. Msafiri wa vani ndogo huchagua kambi kwa kuangalia choo kwanza, mandhari baadaye.

Gari la kulala si wazo la jana. Wajerumani walianza kuunda basi dogo la Volkswagen mwaka 1950, na mwaka uliofuata kampuni ya Westfalia ikaanza kulitilia makabati, meza na kitanda. Toka hapo vani ikawa nyumba ya kila mwenye hamu ya kuondoka. Yangu haina jina la kujivunia. Ilikuwa ya kusambaza vifurushi mjini. Sasa ina godoro nyuma, jiko la gesi lenye mafiga mawili, dumu la maji chini ya sinki, na rafu ambayo vitabu hudondoka kila nikikata kona. Sitaisifu sana. Gari zuri haliwezi kukusimamishia.

Njia ina sehemu mbili. Skyline Drive hupita kilomita 169 ndani ya Hifadhi ya Shenandoah, na pale inapoishia, Rockfish Gap, ndipo inapoanza Blue Ridge Parkway, kilomita 755 za kupinda na kupindua mpaka kwenye ardhi ya Wacherokee huko North Carolina. Malori ya mizigo hayaruhusiwi. Mabango ya biashara hamna. Kwenye Parkway kituo cha mafuta hamna hata kimoja: mafuta yakipungua unateremka kwenye mji wa bondeni, unajaza, unapanda tena. Mwendo wa juu kabisa kwenye Parkway ni maili 45 kwa saa, yaani kilomita 72. Kwenye Skyline Drive ni maili 35. Dereva wa basi la Dar kwenda Mbeya angeiona barabara hii kama adhabu.

Lakini iliundwa hivyo makusudi. Mwishoni mwa 1933 kazi ya kuichora Parkway alikabidhiwa msanifu wa mandhari aitwaye Stanley Abbott, kijana wa miaka ishirini na kitu. Ujenzi ulianza Septemba 1935, wakati uchumi wa Marekani ulipokuwa umeanguka na vijana wasio na kazi wakitafutiwa sururu za kushika. Wahandisi wa kawaida huuliza barabara itamfikisha mtu wapi. Abbott aliuliza mtu atasimama wapi. Alipinda njia ili kona ikufunulie bonde, kisha ikufichie, kisha ikufunulie tena likiwa karibu zaidi. Na kila palipokuwa na cha kutazamwa akaweka nafasi ya kuegesha. Vituo hivyo vya kutazamia vimezidi 200. Waashi, wakiwemo Waitaliano na Wahispania, walichonga mawe ya milango ya mahandaki na matao ya madaraja kwa uangalifu ambao mpita njia wa haraka hawezi kuuona. Ukipita bila kusimama, umetumia kiti na kuacha chakula mezani.

Kusimama mchana kuna kanuni zake, nazo huanza kwenye mteremko. Parkway hushuka mpaka karibu mita 200 juu ya usawa wa bahari inapovuka mto James, na hupanda mpaka mita 1,845 pale Richland Balsam. Kati ya hapo ni kupanda na kushuka kusikokwisha. Vani iliyobeba maji, gesi, kitanda na mtu si gari jepesi, na anayeikanyagia breki mteremko mzima atanusa harufu ya kuungua kabla hajafika chini. Kanuni ninayoitumia niliisikia utotoni kwa madereva wa malori wa Mlima Kitonga, kule Iringa: gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Unashuka injini ikilia, mguu ukiwa umepumzika, breki ukizigusa kabla ya kona na kuziachia. Nyuma yako magari madogo yatajipanga. Basi ukifika kwenye kituo cha kutazamia, unaingia pembeni, unayaacha yapite, unazima injini, unazipa breki nafasi ya kupoa nawe ukitazama milima. Sababu za heshima na sababu za fundi zinakutana hapo.

Na milima yenyewe ni ya bluu kweli. Miti hutoa hewani kemikali iitwayo isoprini, na ukungu unaotokana nayo huyapa matuta ya mbali rangi ile, tuta nyuma ya tuta, kila moja limepauka kuliko la mbele yake.

Rockfish Gap niliwakuta watu wazima wenye viti vya kukunja na darubini, wamekaa kando ya barabara wakihesabu mwewe. Mwishoni mwa Septemba mwewe wa mabawa mapana hupita hapo kwa maelfu wakienda Amerika ya Kati na Kusini. Hawapigi mabawa ovyo. Huingia kwenye hewa ya moto inayopanda, huzunguka nayo mpaka juu, kisha huteleza kusini wakishuka taratibu mpaka wapate nyingine. Jua likipungua, hewa ile hufa, nao hushuka msituni kulala. Hakuna mwewe anayejaribu kusogea kidogo zaidi baada ya saa kumi na moja.

Binadamu hujaribu. Hiyo ndiyo tamaa kubwa ya msafiri wa peke yake: kituo kimoja zaidi, kona moja zaidi, labda mbele kuna pazuri kuliko hapa. Aliyekulia karibu na ikweta ana hatari ya ziada, kwa sababu mwili wake umezoea jua linalozama karibu saa ile ile mwaka mzima. Katikati ya Oktoba, kusini mwa Parkway, jua huzama saa moja kasoro kidogo. Jumapili ya kwanza ya Novemba Wamarekani hurudisha saa zao nyuma, na ghafla giza linabisha hodi saa kumi na moja na nusu. Halafu huwezi kujilalia popote: kwenye vituo vya kutazamia kulala usiku ni marufuku, na kambi za Parkway zimeachana sana. Kwa hiyo kwangu saa kumi alasiri ndiyo saa ya swali. Popote nilipo, hata pawe pazuri namna gani, swali la kulala linaanza kujibiwa.

Manahodha wa majahazi yaliyokuwa yakishuka kutoka Sur na Kuwait kwa upepo wa kaskazi wangenielewa. Nao walikuwa wakienda kusini kwa kufuata msimu. Kutweka tanga upepo ukiwa nyuma ni kazi ya mabaharia wote; kuufikia mwamba wa Lamu au Unguja jua bado lipo, ukaona maji yanavyobadilika rangi, ukajua pa kutia nanga, hiyo ilikuwa kazi ya mmoja, na jina la nahodha lilijengwa au kubomoka hapo.

Nahodha bora niliyemwona kule milimani alikuwa mama mstaafu mwenye nywele nyeupe, amekuja na vani kuukuu kutoka jimbo la New York, anakwenda Florida kukaa mpaka baridi iishe. Wako wengi wa namna yake. Wamarekani huwaita ndege wa theluji. Nilikuwa nimeketi na kikombe changu cha chai alipoingia kambini, na nikaiacha ipoe. Hakuzima injini. Aliteremka, akafunga mlango, akazunguka eneo lake lote kwa miguu, na jambo la kwanza aliangalia juu. Matawi makavu huanguka usiku bila upepo wowote, na tunda la mwaloni likidondoka juu ya bati saa nane za usiku utadhani umepigwa jiwe. Kisha akaangalia chini: ardhi imeinama kuelekea wapi, mvua ikija maji yatapita wapi. Kisha akatazama mashariki, nadhani kutafuta pengo kwenye miti ambalo jua la asubuhi lingepitia.

Akarudi ndani, akageuza gari mpaka pua ikaelekea njia ya kutokea. Madereva wa Tunduma nao hufanya hivyo, ili usiku ukilazimika kuondoka usianze kurudi nyuma. Akaweka bilauri yenye maji nusu juu ya meza na kuyatazama. Akatoa vipande vya mbao chini ya kiti, akavilaza mbele ya tairi mbili za upande wa bonde, akasogea juu yake sentimita chache, akaitazama tena bilauri. Hendibreki. Kabari nyuma ya tairi. Ndipo akazima injini. Jambo zima halikuchukua muda wa kunywa chai yangu kama ingekuwa ya moto. Akanipungia mkono, akawasha jiko.

Nilitaka kumpigia makofi. Hakuna alichokifanya bila sababu. Gari likiinama, damu hukukimbilia kichwani usiku kucha. Ukikosa pa tambarare basi kichwa kiwe upande wa juu. Jokofu la gesi la vani kuukuu hufanya kazi kwa amonia inayopanda kwa joto na kurudi kwa uzito wake, na gari likilala upande, mzunguko huo hukwama na jokofu huharibika. Hata pale alipochagua, ubavuni mwa kilima kidogo badala ya uwanja mzuri uliokuwa chini karibu na kijito, palikuwa na elimu. Hewa baridi ni nzito kuliko ya vuguvugu, na usiku tulivu huteremka na kujikusanya bondeni. Asubuhi waliolala kando ya kijito walikuwa wakikwangua barafu kwenye vioo.

Ndani ya gari kuna kusimama kwingine, kudogo, ambako hakuna anayekuona. Usifunge madirisha yote, hata kukiwa na baridi, kwa sababu pumzi ya mtu mmoja hugeuka maji juu ya bati na kukudondokea usoni alfajiri. Acha upenyo pande mbili. Vijitungi vya butani ambavyo watu hununua kwa bei nafuu hukataa kuwaka kipimo kikikaribia sifuri, kwa kuwa butani haigeuki kuwa hewa chini ya hapo. Propani huendelea mpaka nyuzi 42 chini ya sifuri, kwa hiyo mtungi wa milimani uwe wa propani. Na jiko likimaliza kupika, lizimwe. Nani kwetu asiyesikia habari za waliolala na jiko la mkaa chumbani? Gesi inayowaua haina harufu, na gari ni chumba kidogo kuliko vyote. Baridi hushindwa kwa blanketi na chupa ya maji ya moto. Chakula kifungiwe ndani, kwa sababu dubu weusi wa milima ile wana pua na wana subira.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba mahali pa kusimama ni suala la mteremko na matawi. Katika barabara hizi halikuwa hivyo kwa kila mtu. Mwaka 1936 Victor Hugo Green, mpeleka barua aliyeishi Harlem, alianza kuchapisha kijitabu cha kumwonyesha msafiri mweusi ni hoteli ipi, gereji ipi, nyumba ya nani itakayompokea. Kiliendelea kutoka mpaka miaka ya 60. Kabla yake na bila yake, watu walibeba chakula chao, ndoo ya haja na petroli ya akiba, wakaendesha usiku kucha kupita miji ambayo jua halikutakiwa kuzama wakiwamo. Kujua kusimama kulikuwa kujua kubaki hai.

Kwenye Skyline Drive, karibu na nguzo ya maili ya 57, ipo kambi iitwayo Lewis Mountain. Ilifunguliwa mwaka 1939 kwa ajili ya wageni weusi peke yao, kwa kuwa sehemu nyingine za hifadhi hiyo ya taifa zilikuwa na desturi za Virginia. Ubaguzi huo uliisha kabisa hifadhini mwaka 1950. Ni kambi ndogo, ina mialoni mikubwa na vibanda vya mbao, na wageni wa siku hizi huisifu kwa utulivu wake. Nililala hapo. Niliegesha nilivyofundishwa, pua njiani, kichwa juu, na nikiwa nimelala nikafikiri juu ya familia zilizokuja hapa na magari yao mazuri, nguo zao za Jumapili, vikapu vya kuku wa kukaanga, zikiwa zimeendesha siku nzima bila kushuka. Lazima kwao pia palikuwa pazuri. Huo ndio ugumu wa mahali kama hapo: uzuri na dhuluma viliwekewa kibao kimoja, na watu wakacheka, wakaimba, wakaota moto papo hapo. Mwanzoni nilidhani nitakasirika. Nilichohisi kilikuwa deni zaidi, deni la mtu anayelala bila hofu mahali ambapo wengine walilipia usingizi huo.

Hata kabla yao, mamia ya familia za wakulima weupe maskini walihamishwa kutoka kwenye milima hii ili hifadhi iundwe. Msitu unaouona umeota juu ya mashamba yao. Bado ukitembea hatua chache kutoka barabarani utakuta bomba la moshi la mawe limesimama peke yake, nyumba imekwisha.

Wengi huja Oktoba kwa ajili ya majani, nami sikuwa tofauti, ila nilikuwa nikidhani jani huanguka kwa kuchoka. Kumbe mti ndio unaoamua. Siku zikianza kufupika, mti huacha kutengeneza klorofili, ile rangi ya kijani inayopikia chakula chake. Kijani kikitoweka, manjano iliyokuwamo ndani ya jani toka mwanzo hujitokeza; ndiyo rangi ya hikori na ya ile miti mirefu ya tulipu. Nyekundu ni habari nyingine. Hiyo hutengenezwa wakati huo huo wa mwisho, kutokana na sukari iliyobaki ndani ya jani, na hukolea zaidi mchana ukiwa wa jua na usiku ukiwa wa baridi isiyofikia kuganda. Wakati huo huo, pale kikonyo kinapoungana na tawi, mti hujenga tabaka jembamba la seli na kujikata wenyewe. Upepo haufanyi zaidi ya kubeba kilichokwisha kuachiliwa. Mialoni mingine haina haraka hiyo. Hubaki na majani ya kahawia mpaka katikati ya baridi, yakichakarika.

Kuna mti mmoja uliokosekana. Mchesnati wa Marekani ulikuwa robo ya miti ya misitu hii, chakula cha dubu, cha nguruwe na cha watu. Mwaka 1904 kuvu kutoka Asia ilionekana kwenye michesnati ya New York, na katika miongo michache mabilioni ya miti ilikuwa imekufa. Mizizi bado ipo hai. Huchipua, hukua kidogo, kuvu huupata mchipukizi na kuuua, nayo huchipua tena.

Barabara iliyoanza 1935 haikukamilika mpaka 1987, na kipande kilichochelewesha mambo kilikuwa kwenye mlima uitwao Grandfather. Mwenye mlima alikataa njia ipite juu na kuukatakata, na mabishano yakachukua miaka mingi. Wahandisi walipokubali kusimama na kufikiri upya, walizaa daraja la Linn Cove: mita 379 za zege zilizoning'inia ubavuni mwa mlima bila kuuchimbua. Lina vipande 153, na kimoja tu ndicho kilichonyooka. Kila kipande kilishushwa kutoka juu na kuunganishwa na kilichotangulia, ili mashine zisikanyage miamba ya chini, na zege likatiwa rangi ya madini ya chuma lifanane na mawe yaliyolizunguka. Ukilipita kwa mwendo wa maili 45 ni sekunde ishirini hivi. Egesha upande wa kusini, shuka, fuata njia ya miguu inayopita chini yake, utazame kwa shingo iliyokunjwa jinsi nguzo saba tu zilivyogusa ardhi. Kwangu hiyo ndiyo kazi bora ya barabara nzima, na inasikitisha kwamba wengi huliona kwa kuwa juu yake.

Msafiri maarufu wa gari la kulala katika nchi ile ni John Steinbeck, aliyeondoka Septemba 1960 na kuzunguka Marekani kwa pikapu yenye chumba mgongoni, akaandika kitabu kilichotoka 1962. Alikuwa na mbwa, kwa hiyo simhesabu kuwa alikuwa peke yake. Mwenye mbwa ana wa kumlaumu. Lakini aliandika kwamba safari yake ilimwishia karibu na Abingdon, kusini-magharibi mwa Virginia, ikiwa bado ana mwendo mrefu wa kufika nyumbani. Alijua hata mahali. Gari liliendelea, yeye alikuwa amekwisha simama.

Peke yako unajifunza kuisikiliza hali hiyo kabla haijafika mbali. Siku ya tatu au ya nne sauti ya kichwani hupungua. Huna wa kumwonyesha, basi unaacha kutafuta vya kuonyesha. Unakula unapoona njaa. Unaongea na jiko. Kisha inakuja jioni moja unapogundua kwamba umepita vituo kadhaa vya kutazamia bila kugeuza shingo. Hapo safari imegeuka usafirishaji, na dawa yake ni kuegesha na kutokwenda popote kesho yake.

Mara nyingine barabara ndiyo inayokusimamisha. Mwishoni mwa Septemba 2024 Tufani Helene ilileta mvua kwenye milima hii ambayo hakuna aliyekuwa ameizoea. Mito iliichukua miji ya mabondeni kuzunguka Asheville, watu wengi walikufa, na Parkway ilikatwa na maporomoko ya ardhi mahali pengi mno. Mapukutiko yalikuja mwaka huo bila watazamaji. Vipande vingine vya barabara vilibaki vimefungwa muda mrefu baadaye, na anayeshuka kusini alilazimika kuacha tuta, aingie njia za bondeni, apite mbele ya nyumba zilizojaa matope na watu waliokuwa wakianza upya.

Mimi nilikuwa nimepita kabla ya hapo. Baada ya Richland Balsam njia huanza kushuka kwa kweli, handaki baada ya handaki, mpaka inakutana na mto Oconaluftee na mji wa Cherokee. Wacherokee hawa ni uzao wa waliobaki milimani wenzao walipofukuzwa kwa nguvu kwenda magharibi mwaka 1838. Parkway ilipotaka kupita kwenye bonde lao la Soco, penye mashamba mazuri, walikataa, wakabishana na serikali miaka kadhaa, na njia ikahamishiwa juu tutani. Nilifurahi kuijua habari hiyo. Wenyeji nao walikuwa wamemwambia mhandisi pa kusimama. Mjini vibao vya mitaa vimeandikwa kwa herufi zao, zile alizozibuni Sequoyah mwanzoni mwa karne ya 19.

Nikaingia kambi iliyo kando ya mto, nikazunguka kwa miguu, nikaangalia juu. Miti ilikuwa ya kijani. Juu tutani, mwendo wa saa moja tu nyuma yangu, kulikuwa kwekundu na manjano, miti mingine imebaki matawi. Hapa chini, mita 600 tu kutoka usawa wa bahari, majani yalikuwa hata hayajaanza kuwaza. Rangi hushuka mlimani kidogo kidogo, kimo kwa kimo, na huwafikia watu wa Cherokee karibu mwisho wa Oktoba. Pamoja na kwenda kwangu polepole kote, nilikuwa nimeyapita majira yenyewe barabarani. Kusini zaidi, Georgia, kungekuwa kijani zaidi. Mwenye kambi, mzee wa Kicherokee aliyevaa kofia ya mpira wa kikapu, aliniuliza nitakaa usiku mmoja au zaidi. Nikamwuliza majani hugeuka lini hapa kwake. Akatazama mtini, akatazama vani yangu, akasema hayana ratiba. Nikalipia mpaka Jumapili.